Rejeta Isiyo na Kumbikumbi

Mbale, 14 Aprili 1993

Kwa shemeji yangu Fundi Umaru,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Dada yako Mariat anakusalimu, ana kikohozi kidogo cha mvua lakini mdomo wake mzima kabisa. Barua hii nimempa utingo wa basi la Jinja, ameapa ataifikisha Walukuba kwa mkono wake.

Sina habari nzuri. Lori la Haji Mugweri linachemsha. Ni lile lile ambalo injini yake uliifunga wewe, kwa hiyo nakuandikia kabla Haji hajaita fundi mwingine aje kukutukana. Likiwa limesimama hapa uani, linanguruma tangu asubuhi na mshale wa joto hautikisiki. Lakini nikipakia mzigo, nikashika barabara ya Kumi na kukanyaga mafuta, kabla sijafika Kachumbala mshale umeshaingia kwenye nyekundu na maji yanaruka kupitia mfuniko. Nasimama, nangoja lipoe, nachota maji ya mtaroni, naendelea, linachemka tena. Madereva wenzangu wananipita wakipiga honi.

Zamani halikuwa hivi. Wakati wa vita tulikwenda kwa msafara nyuma ya wanajeshi, polepole, nusu mzigo, na halikuchemka hata siku moja. Sasa amani imekuja, watu wa Teso wanarudi makwao, kila mmoja anataka mabati na mbegu, Haji anapakia mpaka springi zinalia, na gari limechagua wakati huu huu kuniaibisha. Mimi nahisi ni gasketi ya silinda hedi. Niambie nianzie wapi. Haji bado hajajua.

Ni mimi shemeji yako,
Sulait Wanyama

*

Walukuba, Jinja, 19 Aprili 1993

Shemeji Sulait,

Waaleikum salaam. Barua imefika, ina alama ya kidole cha mafuta ya sambusa, lakini imefika.

Injini niliyoifunga mimi haichemki bila sababu, na sababu haijifichi kwa Umaru Isabirye. Ningekuja mwenyewe ila nina magari mawili yako chini, matumbo nje, na wenye nayo wanakaa mlangoni kwangu. Basi uwe macho yangu. Usiguse gasketi kabla sijakuambia.

Anza na mkanda wa feni, ubonyeze kwa kidole gumba uone kama umelegea. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, mtu akuwashie, uchungulie. Maji yakitoa mapovu kabla hayajapata moto, hapo gasketi imekwisha na nitakuomba radhi. Chomoa kijiti cha oili. Ukiikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kaa chini ulie. Kisha toa thamostati, na usiitupe! Mafundi wa kwenu wana ugonjwa wa kutupa thamostati, wanasema nchi ya joto haiihitaji. Itie kwenye sufuria ya Mariat, uchemshe maji, uone kama inafunguka. Mwisho, gari likichemka, shika mpira wa juu na mpira wa chini wa rejeta, uniambie upi ni wa moto.

Fanya yote, au bado unaogopa kuchafua gomesi yako? Tangu waasi wakuvue nguo kule Kumi ukaingia Mbale umevaa gauni la bibi mzee, na mabega yake yamechongoka na mkanda wake kiunoni, hapa Jinja hatujamaliza kucheka. Juzi tu dereva mmoja ameniuliza, “Fundi, Mama Gomesi hajambo?” Nikamwambia hajambo, anasubiri mchumba.

Msalimie dada yangu.

Umaru

*

Mbale, 27 Aprili 1993

Shemeji Umaru,

Assalaam aleikum.

Nimefanya yote. Mkanda umekaza. Maji hayatoi mapovu. Oili ni nyeusi kama inavyotakiwa. Thamostati imefunguka vizuri ndani ya sufuria, na Mariat anasema mchuzi wake sasa unanuka dizeli na wewe ndiye utakayemnunulia sufuria nyingine. Mipira yote miwili ni ya moto, hakuna tofauti. Kwa hiyo maji yanazunguka.

Haji amejua. Nilichemka karibu na Nakaloke, yeye mwenyewe akapita na pikapu yake akanikuta nimepiga magoti mbele ya gari na debe la maji. Hakunigombeza pale pale. Aliningoja uani mbele ya watu wote. “Sulait, mimi nasema mara moja. Wewe unaua gari yangu. Ikichemka tena, funguo unapatia Opio.” Opio, dereva asiye na lori, alikuwa amesimama karibu anasugua meno kwa kijiti. Alilitazama lori jinsi mtu anavyotazama kitu kitakachokuwa chake.

Shemeji, mimi sijui kazi nyingine. Nisipoendesha lile lori, nitakaa nyumbani nitazamwe na majirani. Niruhusu nifungue silinda hedi.

Kuhusu gomesi, umechekesha.

Sulait

*

Walukuba, 2 Mei 1993

Shemeji,

Haya, fungua. Nakutumia gasketi mpya kwa utingo yule yule, nimeifunga kwenye maboksi ili isipinde. Ukishatoa hedi, weka rula iliyonyooka juu yake uone kama kuna mwanga unaopita chini. Ukiona mwanga, hedi imepinda.

Nakiri mambo haya yananichanganya. Maji yanazunguka, mkanda mzima, oili safi, na bado linachemka likienda mbio. Gari linalokwenda mbio hupata upepo, na upepo ndio unaopoza. Likichemka wakati wa mbio, kwa kawaida ni rejeta iliyoziba kwa mbele. Huu ni msimu wa kumbikumbi, huenda wamejaa kwenye matundu. Kabla hujarudisha hedi, ioshe rejeta, piga maji kutoka nyuma kuja mbele, uniambie nini kimetoka.

Jana Haji ameniletea salamu kwa dereva wake wa pikapu. Anauliza kama ni mimi niliyefunga injini vibaya au ni wewe unayeiendesha vibaya. Nimemjibu kwamba nipewe muda kidogo. Sikupenda swali lile.

Umaru

*

Mbale, 11 Mei 1993

Shemeji Umaru,

Nimefungua silinda hedi. Imenyooka, rula imelala juu yake bila mwanga. Gasketi ya zamani ilikuwa nzima kabisa, tumeharibu mpya bure. Nimefunga, nimejaribu hadi Kachumbala na nusu mzigo, mshale umepanda vile vile, nikageuza kabla maji hayajaruka. Haji hakuniona.

Rejeta nimeiosha, lakini haikuwa na kazi. Ni safi kama siku ilipotoka dukani. Hakuna panzi, hakuna kipepeo, hakuna kumbikumbi hata mmoja. Usihangaike na rejeta.

Nadhani ni pampu ya maji. Au niseme ni mwisho wangu. Haji amenipa safari moja tu, mwezi ujao, mabati na vipando vya muhogo kwenda Kumi, mzigo kamili. Yeye mwenyewe atakuwa nyuma yangu na pikapu. Opio ameanza kuuliza breki za lori zikoje.

Sulait

*

Mbale, 12 Mei 1993

Kaka Umaru,

Salaam. Nimeandika Kiswahili kwa makusudi. Sulait akiikuta barua hii, aisome mwenyewe, asije akasema ndugu wawili tunamsengenya kwa Kisoga chetu.

Kaka, mume wangu ana kitu. Lori akiliegesha uani kwa Haji, hapa mbele ya nyumba yetu, analigeuza pua yake iguse ukuta kabisa, hata kuku hapiti mbele yake. Fundi wa jirani alipotaka kumsaidia, alimfukuza kama mwizi. Kuosha gari kwa mbele ni yeye peke yake, hataki hata nimshikie ndoo. Nikimuuliza, ananiambia mambo ya injini si ya wanawake, yeye ambaye hajawahi kuniambia neno kama hilo tangu anioe.

Na jambo la pili ni lako. Ulipokuja Idi ukamwita Mama Gomesi mbele ya baba yake na wageni, alicheka kuliko wote. Ulipoondoka alikwenda akakaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Kaka, hukumwona siku ile aliyorudi kutoka Kumi. Mimi nilimwona. Wenzake wa stendi walikuwa wanamfuata wakipiga makofi mpaka mlangoni kwangu, naye alikuwa ameshika mkanda wa lile gauni kwa mikono miwili ili lisifunguke. Lilikuwa limechanika begani. Aliniambia nilichome. Sikulichoma. Nimelifua, nimelishona, liko chini ya sanduku langu. Hajui.

Naona aibu kukugombeza, wewe ni mkubwa wangu. Lakini acha.

Mdogo wako,
Mariat

*

Walukuba, 18 Mei 1993

Sulait,

Assalaam aleikum. Soma barua hii ukiwa peke yako.

Umeniandikia kwamba rejeta ni safi, haina hata kumbikumbi mmoja. Nimekaa na sentensi hiyo tangu barua ifike. Mvua hizi, magari yote yanayoingia hapa kwangu kutoka barabara ya Mbale, mbele yamejaa mabawa mpaka nayachokoa kwa waya. Kumbikumbi wa Uganda nzima hawawezi kukukwepa wewe peke yako. Kitu kinawazuia. Kinachozuia kumbikumbi kinazuia upepo pia.

Niliwahi kuona malori yaliyorudi kutoka Teso wakati wa vita. Mengine yalikuwa yamefungwa bamba la chuma nyuma ya shubaka la mbele, pale upepo unapoingilia, kukinga rejeta risasi isiitoboe. Kwa nje huoni kitu. Na lori lako ndilo lililotobolewa rejeta kule Kumi, maji yakamwagika, injini ikakwama, ndipo waasi wakakukuta. Mimi ndiye niliyekutengenezea injini ile, na nilikuwa nacheka wakati naifunga.

Ukienda polepole na nusu mzigo, nyuma ya wanajeshi, injini inavumilia. Ukipakia mzigo kamili na kukimbia, haina pa kuvutia pumzi. Hilo tu ndilo tatizo. Gasketi, thamostati, sufuria ya Mariat, vyote nimekutesa navyo kwa sababu hukuweza kuniambia neno moja. Na hukuweza kwa sababu ya mdomo wangu. Jina lile ni mimi niliyelileta Jinja. Nimelitembeza kwenye magereji, nimelinywea chai. Ninaona haya, Sulait, haya ya kweli, na sijui niiweke wapi.

Sikuambii uliondoe. Kama huwezi kupita pale bila bamba, niletee siku moja, nitalikata matundu ya mlalo na kulisogeza mbele kidogo, upepo upite na chuma kibaki. Itasaidia kiasi. Hakuna atakayejua.

Umaru

*

Mbale, 24 Mei 1993

Fundi Umaru,

Hakuna bamba lolote. Sijui nani amekuambia mambo hayo. Wewe ni fundi wa injini, si mganga wa kutazamia watu. Kama injini imekushinda, sema imekushinda.

Usiniandikie tena.

S. Wanyama

*

Walukuba, 29 Mei 1993

Shemeji,

Sawa. Hakuna bamba.

Haji ametuma tena kuuliza ubovu ni nini. Nimemjibu kwa maandishi kwamba injini ni nzima, dereva ni mzuri, na rejeta ilikuwa haipati upepo wa kutosha, ni kazi ya spana mbili na asubuhi moja, na kwamba wewe unajua la kufanya. Hakuna neno la uongo hapo, na hakuna neno linalokuhusu wewe na mtu mwingine.

Wakiniuliza habari zako hapa, nasema hajambo, nanyamaza. Wananishangaa.

Umaru

*

Mbale, 9 Juni 1993

Kwa shemeji yangu Umaru,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Nisamehe ile barua fupi. Niliiandika uso ukiwa unaniwaka, nikampa utingo kabla haujapoa. Mariat aliposikia niliyokuandikia hakunisemesha mpaka siku ya safari.

Siku hiyo asubuhi nililiondoa lori ukutani nikaligeuza, uso utazame lango, kila mtu aone. Nikafungua shubaka. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, nikawa nahangaika nazo peke yangu, na Opio akaja. “Sasa hii chuma ilikuwa ya nini?” Nikamwambia, “Ya risasi. Nilikuwa naogopa.” Nilingoja acheke. Akaondoka, nikajua anawaita wengine. Akarudi na spana ya pili, akalala chini ya gari akanishikia bolti za upande wake. Tukazungusha spana mpaka bamba lilipoanguka. Haji alikuwa mlangoni pa ofisi yake na ameona yote. Alisema tu, “Haya, pakieni.” Mariat amelichukua bamba, anasema atachomea chapati. Sufuria yake bado unadaiwa.

Nilipowasha gari, Mariat alikuja dirishani na mfuko. Ndani kulikuwa na gomesi, imefuliwa, imepigwa pasi. Nilitaka kumrushia. Akasema, “Ina mwenyewe,” akaondoka.

Shemeji, nisikufiche, niliogopa njia nzima. Baada ya Kachumbala nilijikuta nimeinama nyuma ya usukani. Barabara ilikuwa na watoto wa shule na wanawake wenye majembe, hakuna hata askari mmoja, na mimi mtu mzima nimeinama. Lakini kila nilipoutazama mshale ulikuwa katikati. Mzigo kamili, mabati mpaka juu, Haji nyuma yangu, na mshale katikati. Tulipofika Kumi nilifungua mbele. Rejeta ilikuwa imejaa kumbikumbi. Haji alichungulia akasema, “Osha hiyo takataka,” akaenda kutafuta chai. Funguo ninazo mimi.

Tulipomaliza kushusha mzigo nilichukua mfuko nikaenda kwa yule bibi aliyenipa gomesi. Anaitwa Santa. Sikuwahi kukuambia jina lake, na wewe hukuwahi kuuliza. Boma lake liko kando ya barabara, nyumba iliungua, sasa ameezeka chumba kimoja kwa nyasi. Nilimkuta anapepeta mtama. Alinitazama sana. “Wewe ile dereva ya bila nguo.” Nikasema ndiyo, mama, ni mimi.

Nilitaka nimpe mfuko nikimbie. Alinishika mkono akanikalisha. Akaitoa gomesi, akaigeuza, akapitisha kidole pale begani nilipoichana, Mariat alipoishona. Akaniuliza kama ilinitosha. Nikasema ilinibana mabega. Akacheka, hana meno ya mbele tena.

Nikamuuliza nguo za wanaume wa kwake zilikuwa wapi siku ile, mbona alinipa gomesi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Nguo za mume na watoto wake wa kiume zilikuwa zimeshachukuliwa na waasi. Yeye alikuwa na ile aliyovaa ya shambani, na hii. “Sasa mimi nikupatie nini? Wewe ulikuwa unalia.”

Halafu akasema, bila kunilaumu, anapepeta mtama wake, kwamba tangu siku hiyo hakuenda tena kanisani. “Naenda na nini?” Dada yake alipokufa kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, wenzake walisimama kaburini na gomesi zao, yeye alisimama nyuma ya nyumba amejifunga blanketi, kwa sababu kwao mwanamke wa makamo yake hawezi kumzika ndugu akiwa na nguo ya shamba. Aliwaza kwamba yule dereva ataileta akipita. Kila lori lililopita alitoka kutazama.

Umaru, mimi nimepita pale mara ngapi? Kila nilipopita niliinamisha kichwa na kukanyaga mafuta, nyuma ya chuma changu. Miaka yote hii nilidhani aibu yangu ni kuonekana nimeivaa ile gomesi. Sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba kuna mtu haendi kanisani kwa sababu haijarudi.

Aliivaa pale pale, juu ya nguo ya shamba, akafunga mkanda. Amekonda, inamning'inia. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumamosi.

Mimi kule barabarani wataendelea kuniita vile, najua watu wetu, na sasa hainiumi kama zamani. Lakini nakuomba kitu kimoja. Ukisikia mtu yeyote Walukuba ananiita Mama Gomesi, usimgombeze. Mwambie gomesi ile ni ya Santa wa Kumi, ilikaa kwangu, na nilichelewa kuirudisha.

Shemeji yako,
Sulait Wanyama